"Jina Lako Nani?" Si Kipimo cha Kichwa

Ndugu msikilizaji, nawe msomaji utakayekutana na maneno haya gazetini, leo naomba tuzungumze juu ya kichwa. Sina maana ya kichwa cha habari, wala kichwa cha familia. Nina maana ya kichwa hiki hiki tulichokibeba mabegani, na hasa kichwa cha mtoto anayecheza mpira.

Msimu wa kuvuna alizeti mwaka jana nilikuwa Mwankoko, Singida, nyumbani kwa dada yangu. Jumapili jioni nilifuatana na mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, hadi kwenye kiwanja cha vumbi ambako watoto wa mitaa miwili walikuwa wakishindana. Kabla ya mapumziko ilipigwa kona. Mpwa wangu na mwenzake wakaruka kwa pamoja, vichwa vikagongana. Mlio wake niliusikia pale nilipokuwa nimesimama. Mwenzake alishika shavu akalia. Mpwa wangu hakulia. Alikaa chini, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Kocha wao, kijana mwenye moyo mwema ambaye halipwi hata senti moja, alikimbia na chupa ya maji akammwagia kichwani. Mama mmoja akaleta kitunguu kilichokatwa, akamnusisha. Kisha kocha akamwuliza, "Jina lako nani?" Mtoto akataja jina lake. "Vidole vingapi hivi?" "Viwili." "Haya, mwanaume, ingia." Watu wakapiga makofi. Nami, msikilizaji, nilipiga makofi.

Kipindi cha pili mtoto yule alipokea mpira, akaanza kukimbia nao kuelekea goli lake mwenyewe. Watu wakacheka. Usiku, tukiwa tunakula, aliniambia polepole, "Mjomba, mbona taa ziko mbili?" Taa ilikuwa moja.

Tulimpeleka hospitali mjini usiku ule ule. Daktari alimchunguza, akatuambia kwamba haoni dalili ya fuvu kupasuka wala ya damu kuvuja ndani, bali ubongo umetikisika. Kisha akamwambia avue viatu, asimame mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, mikono kiunoni, afumbe macho. Mtoto yule ambaye kila siku hurukaruka juu ya majabali ya Singida bila kuteleza, aliyumba kama mlevi. Dada yangu alitoka nje asimwone.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mwanadamu alijuaje kwamba ugonjwa wa kichwa unaweza kusomwa miguuni na machoni? Na kwa nini sisi, miaka yote hii, tumetosheka na kuuliza jina?

Jambo lenyewe ni la kale. Mganga mashuhuri wa Uajemi, Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kwamba ubongo unaweza kutikisika na mtu akapotewa na akili ingawa fuvu lake ni zima. Hiyo ni tofauti kubwa. Kwa watu wengi, hata leo, kichwa kisichotoka damu ni kichwa kizima.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nako hawakuwa wamelala. Wakisii wa Kenya walikuwa na mafundi wao wa kichwa, aliyeitwa mmoja wao omobari. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha akawa na maumivu yasiyokwisha kwa miezi au miaka, alipelekwa kwa fundi huyo, naye alipasua ngozi na kukwangua mfupa wa fuvu hadi kutoa kipande. Madaktari waliofanya kazi Kenya wakati wa ukoloni waliandika habari zao, na walikuta watu waliofanyiwa hivyo zaidi ya mara moja wakiendelea kuishi. Sisemi turudi huko. Ninachosema ni kwamba wazee wale walikwisha tambua jambo ambalo kocha wa mtaani hakulitambua: pigo la kichwa linaweza kukaa ndani ya mtu muda mrefu baada ya uvimbe kunywea.

Sasa twende kwenye miguu. Katika miaka ya 1840, daktari mmoja wa Berlin, Ujerumani, Moritz Romberg, alikuwa akiwatibu watu waliopoteza hisia za miguu kwa sababu ya maradhi ya uti wa mgongo. Aliona kwamba mgonjwa akisimama miguu pamoja na macho wazi, alisimama. Akifumba macho, aliyumba na kutaka kuanguka.

Maana yake ni hii. Mwili wa binadamu husimama kwa msaada wa mashahidi watatu: macho yanayoona, vyombo vidogo vilivyo ndani kabisa ya sikio vinavyopima mwendo wa kichwa, na hisia za nyayo na viungo. Ubongo ndio hakimu anayewasikiliza wote watatu na kutoa hukumu kila nukta. Ukifumba macho, shahidi mmoja ameondoka. Hakimu mzima ataamua kwa wawili waliobaki. Hakimu aliyetikiswa atababaika. Kwa hiyo yule daktari wa Singida, alipomwambia mtoto afumbe macho, alikuwa akitumia maarifa yenye umri wa karibu miaka 180, ambayo hayahitaji umeme wala mashine.

Michezo iliingia katika historia hii kupitia ngumi. Mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Newark, Marekani, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi hiyo juu ya mabondia waliopigwa vichwani kwa miaka mingi. Alisema dalili za mwanzo mara nyingi huonekana miguuni: bondia huanza kuburuza mguu kidogo, kupepesuka kidogo. Na jambo la kusikitisha ni kwamba watazamaji walikuwa wakilijua hilo kabla ya madaktari. Walikuwa na majina ya kuwadhihaki mabondia wa namna hiyo. Watu waliona ugonjwa, wakaufanya kichekesho, kama tulivyocheka sisi pale Mwankoko mtoto alipokimbilia goli lake.

Wapenzi wa ngumi wa umri wangu hawajamsahau Robert Wangila wa Kenya. Mwaka 1988 huko Seoul alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, akatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki, ambayo hadi leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika ngumi. Julai 22, 1994, alipigana Las Vegas na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alisimamisha pambano. Wangila alikuwa amesimama kwa miguu yake. Alipinga, akataka kuendelea. Kisha alikwenda chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka. Julai 24 alifariki dunia, hajafikisha miaka 27.

Tatizo la Wangila lilikuwa kubwa kuliko mtikisiko, lilikuwa damu iliyovuja ndani ya kichwa. Lakini fundisho lake linahusu kila kiwanja. Mtu aliyeumia kichwa si shahidi wa kuaminika wa hali yake mwenyewe, kwa sababu chombo anachotumia kujipima ndicho hicho kilichoumia. Ukimwuliza "Uko sawa?" atakuambia yuko sawa. Bingwa wa dunia atasema hivyo, na mtoto wa darasa la sita atasema hivyo.

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza hatari nyingine. Kijana aliyetikisika ubongo, akarudi uwanjani kabla hajapona, akapata pigo la pili hata liwe dogo, ubongo wake unaweza kuvimba ghafla akafa au akabaki kilema. Ni nadra kutokea, lakini wengi wa waliopatwa na balaa hilo wamekuwa vijana. Ndiyo maana mtoto si wa kuchezewa. Mfupa wake ni mpya, shingo yake haijapata nguvu, na ubongo wake bado unajengwa.

Basi wataalamu wakaanza kutafuta kipimo cha pembeni mwa uwanja. Mwaka 1995 huko Australia, David Maddocks na wenzake waliwapima wachezaji wa mpira wa nchi hiyo kwa maswali. Waligundua kwamba maswali kama jina lako nani na umezaliwa lini hayana msaada mkubwa, kwa sababu hata aliyetikisika huyajibu vizuri. Jina la mtu limekaa ndani sana, halidondoki upesi. Yanayodondoka ni mambo ya karibuni: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga goli la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule kocha na swali lake, nikakumbuka na makofi yangu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha North Carolina, kipimo cha Romberg kilipewa sura mpya kwa wanamichezo. Mchezaji husimama kwa namna tatu: miguu pamoja, mguu mmoja, na mguu mmoja nyuma ya mwingine. Mikono kiunoni, macho yamefumbwa, kila mkao sekunde 20. Mpimaji huhesabu makosa: kutoa mkono kiunoni, kufumbua macho, kukanyaga nje, kuinua kisigino. Kipimo kamili hurudia mikao hiyo juu ya sponji laini, ili na shahidi wa tatu, yaani nyayo, atiliwe shaka. Lakini ipo namna fupi inayofanywa juu ya ardhi ngumu peke yake.

Macho nayo yana historia yake. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa macho mjini Chicago, Alan King na Steven Devick, walitengeneza kadi zenye tarakimu zilizopangwa bila mpangilio wa nafasi. Mtoto huzisoma kwa sauti, haraka iwezekanavyo, mstari kwa mstari, na muda wake hupimwa kwa saa. Shabaha yao ilikuwa kuwasaidia watoto wenye shida ya kusoma. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla kadi hizo hazijapelekwa ulingoni. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti juu ya mabondia na wapiganaji wengine. Waliopigwa kichwani walichukua muda mrefu zaidi kusoma kuliko walivyosoma kabla ya pambano, na wasiopigwa kichwani hawakupungua kasi. Sababu yake si ngumu kuelewa. Kuruka kwa jicho kutoka tarakimu moja hadi nyingine ni kazi inayoshirikisha sehemu nyingi za ubongo. Mtandao ukitikiswa, jicho linachelewa.

Mwaka 2014 wataalamu wa Pittsburgh waliongeza kipimo kingine cha macho na mizani ya mwili. Mtoto hufuata ncha ya kidole kwa macho bila kugeuza kichwa. Hurusha macho upesi kutoka nukta moja hadi nyingine. Hutazama kitu kidogo kikisogezwa kuelekea puani, aseme kinapogawanyika kuwa viwili. Kikigawanyika kikiwa mbali zaidi ya sentimita 5 na pua, hapo pana walakini. Kisha hutikisa kichwa huku ametazama kitu kimoja. Kila baada ya zoezi huulizwa: kichwa kinauma zaidi? Kizunguzungu? Kichefuchefu? Taa mbili za mpwa wangu, msikilizaji, zilikuwa ni kipimo hicho, ila hakuna aliyekuwa amekiomba.

Mashirika makubwa ya michezo nayo yalikutana: Vienna mwaka 2001, Prague mwaka 2004 ambako karatasi moja ya upimaji ilikubaliwa kwa michezo yote, kisha Zurich, Berlin, na Amsterdam mwaka 2022. Mwaka 2013 ilitolewa karatasi maalumu ya watoto wa miaka 5 hadi 12, kwani iligundulika kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Katika mikutano hiyo lilikubaliwa neno moja kuu: anayeshukiwa kutikisika ubongo atoke, na siku hiyo asirudi.

Huko Marekani neno hilo lilifanywa sheria kwa gharama ya mtoto. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington, Zackery Lystedt mwenye miaka 13 aligonga kichwa katika mchezo wa mpira wa Kimarekani. Alipumzishwa kidogo, akarudishwa kipindi cha pili. Mchezo ulipokwisha alianguka, damu ikiwa imevuja kichwani. Aliokolewa kwa upasuaji, lakini ilimchukua miaka kujifunza upya kusema na kusimama. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria yenye jina lake: mtoto atolewe, na asirudi bila kibali cha mtaalamu wa afya. Ilipofika mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za aina hiyo.

Na asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya viwanja vya vumbi tu. Julai 13, 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia huko Rio de Janeiro, mbele ya macho ya dunia nzima, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani akaendelea kucheza kwa dakika kama 14. Alimwendea refa akamwuliza kama ile ndiyo fainali. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mtu yupo uwanjani lakini hayupo. Kama madaktari wa Ujerumani walipitwa na jambo hilo, tusimtupie mawe kijana wa Mwankoko na chupa yake ya maji.

Hata hivyo, hapana budi niseme na mipaka ya vipimo hivi, maana dawa isiyoelezwa kipimo ni sumu. Kwanza, hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake. Miguu iliyochoka kwa kukimbia huyumba pia. Mtoto asiyesoma vizuri atachelewa kwenye kadi hata akiwa mzima. Ndiyo maana inafaa apimwe mapema, kabla ya msimu, akiwa mzima, ili baadaye alinganishwe na nafsi yake mwenyewe. Pili, miguu mara nyingi hutulia baada ya siku chache, wakati ubongo bado haujapona. Kwa hiyo kipimo kikionyesha walakini, mtoe mtoto. Kisipoonyesha walakini, na ulimwona kagonga kichwa na kupumbaa, mtoe vilevile. Tatu, picha ya CT nayo haionyeshi mtikisiko. Inaonyesha damu na mfupa uliovunjika. Picha safi haina maana kwamba mtoto yuko tayari kucheza.

Aidha, zipo dalili ambazo hazingoji kipimo chochote: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi, kupoteza fahamu, degedege, mkono au mguu kulegea, usingizi usioamshika, shingo kuuma. Hapo ni hospitali, tena mbio.

Mtoto aliyetikisika hafungiwi gizani wiki nzima kama tulivyodhani zamani. Wataalamu siku hizi wanashauri siku moja au mbili za kutulia, kisha kutembea taratibu, kisha shule, na mpira uje mwisho, hatua kwa hatua, kila hatua isipungue siku moja. Watoto wengi hupona ndani ya wiki nne.

Mpwa wangu alichukua wiki tatu na ushee. Wiki ya kwanza maandishi ya ubaoni yalikuwa yakimtembea. Dada aliniuliza swali ambalo halikunipa raha: "Wewe kaka unayejua kila kitu redioni, ulikuwa pale. Ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa natazama mpira, msikilizaji. Na hilo ndilo deni langu. Kwa miaka mingi nimeshika kipaza sauti viwanjani. Mchezaji akianguka, akamwagiwa maji, akafungwa bendeji kichwani na kurudi akipepesuka, nilimwita shujaa. Nilisema ana moyo wa simba. Watoto waliokuwa wakisikiliza kwenye redio za betri huko vijijini walijifunza kwangu kwamba kutoka uwanjani ni aibu. Yule kocha naye huenda alikuwa mmoja wa watoto hao. "Haya, mwanaume, ingia" hakulitunga yeye. Inawezekana kabisa nililitunga mimi.

Basi ombi langu ni dogo, na halihitaji bajeti. Walimu wetu wa michezo, ninyi mnaowaandaa watoto kwa UMITASHUMTA na UMISSETA, na ninyi makocha wa mitaani msiolipwa: msiulize tena jina. Ulizeni nani kafunga goli la mwisho. Mwambieni mtoto avue viatu, asimame, afumbe macho, mhesabu sekunde 20. Msogezeeni kidole puani. Mnachohitaji ni saa ya mkononi na ardhi tambarare, na vyote viwili viko Mwankoko. Mkiona shaka, au hata msipoiona lakini moyo ukisita, mtoeni. Mechi zipo nyingi, na kichwa kimoja.

Nasi watangazaji tubadili maneno. Juzi nilirudi Mwankoko. Watoto walikuwa wakicheza, na mmoja aligonga kichwa kwenye mti wa goli. Kocha yule yule alimshika mkono, akamtoa nje ya mstari, akamkalisha karibu yangu. Mtoto alilia akitaka kurudi. Kocha akamwambia, "Leo umemaliza. Tutaona." Nilipiga makofi peke yangu, watu wakageuka kunitazama.